Waya Uliopokea Simu

Jumamosi saa tatu asubuhi Mwalimu alikuwa amelala kifudifudi kwenye korido ya ghorofa ya tatu, miwani imemteremka puani, akipima waya. Waya wenyewe ulikuwa wa shaba, umevikwa plastiki nyeusi, mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, na ulitakiwa uwe na mita ishirini nukta tatu. Korido ilikuwa na mita kumi na nne tu. Kwa hiyo ncha yake ilishuka ngazi mpaka ghorofa ya pili, na kila aliyepanda au kushuka aliuruka, akasalimia, akauliza, akajibiwa, akaenda zake bila kuelewa kitu.

"Shikamoo Mwalimu. Unatega panya?"

"Marahaba. Natega mawimbi."

"Haya, ukiyapata mengi utugawie."

Aliyeshika ncha ya chini alikuwa jirani yake wa mlango wa pili, fundi cherehani ambaye jengo zima lilimwita Pindo. Tepu yake ilikuwa ya kushonea, mita moja na nusu, basi walipima mara kumi na nne. Walipofika ya tisa walibishana kama ni ya tisa au ya kumi, wakaanza upya. Mwishowe zikapatikana mita ishirini na moja, na Pindo akatoa mkasi.

"Nikate hizo sentimita sabini?"

"Kata," Mwalimu akasema.

Pindo akauweka mkasi karibu na waya, kisha akaurudisha mfukoni. "Hapana. Sikiliza, Mwalimu, mimi nimeshona miaka thelathini. Ukikata, umekata. Ukipinda, kesho mtu akinenepa unafumua. Acha urefu wako, pinda."

Mwalimu alikuwa amefundisha fizikia miaka thelathini na moja na hakupenda kufundishwa, ila hoja akaiona. Waya ukabaki na mita zake zote.

Haja ya waya ilitokana na mafundi rangi. Mwalimu alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, na kwa miaka tisa alikuwa akicheza drafti kwa redio na mfuga nyuki mmoja wa nchi ya mbali, kete moja kwa siku, kila mmoja na ubao wake. Mwezi uliopita mafundi walikuja kupaka jengo rangi, wakaikuta antena yake ya zamani, wakaona inafaa kufungia ngazi. Mchezo ukakatika pale ambapo Mwalimu alikuwa anaongoza. Jambo hilo lilimkera kuliko harufu ya rangi.

Safari hii alichagua antena ya waya mmoja, ile inayolishwa mwishoni. Ncha moja inaingia kwenye kisanduku kidogo dirishani kwako, ncha ya pili inafungwa mbali, kwenye kitu kirefu, basi. Kitu kirefu pekee katika mtaa ule kilikuwa bomba la chuma juu ya paa la Ofisi ya Huduma, ng'ambo ya barabara.

Ofisi ya Huduma ilikuwa na namba moja ya simu kwa mambo yote: taka, maji, taa za barabarani, gari la wagonjwa. Mlangoni paliandikwa TUPIGIE, TUPO. Simu ilikuwa ndani, juu ya meza ya Afisa, na ililia kutwa nzima. Dirisha likiwa wazi mtaa mzima uliisikia, na watu walikuwa wameizoea kama wanavyozoea shomoro.

Mwalimu alimwendea Tarishi wa ofisi, mtu mwema asiyekataa jambo. Alimkabidhi ncha ya waya, kamba, na kipande cha kauri nyeupe chenye umbo la yai, kina matundu mawili. Akamweleza taratibu, kama anavyoelezwa mwanafunzi wa dawati la nyuma, kwamba kauri hiyo inakaa katikati, ili waya na chuma visigusane hata kidogo. Tarishi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa. Akapanda paani, akaligeuzageuza lile yai, akaliona zuri mno kuachwa juani, na akakumbuka kwamba mkono mtupu haulambwi. Basi ile ndiyo asante yake. Akaitia mfukoni, akaufunga waya moja kwa moja kwenye bomba, mafundo matatu ya nguvu. Bomba lile ndilo lililopitisha nyaya za simu ya ofisi kuingia ndani. Tarishi alishuka akiwa ameridhika, na Mwalimu alimpungia mkono kutoka dirishani.

Kilichobaki kilikuwa pete. Ndani ya kisanduku cha dirishani lazima iwemo pete nyeusi, nzito, ya aina inayopatikana ndani ya televisheni zilizokufa, nayo inazungushiwa waya mwembamba wa shaba. Pete za namna hiyo alikuwa nazo mtu mmoja tu jengo zima, naye ni mdogo wake Mwalimu, wa baba mmoja na mama mmoja, aliyekaa chini kabisa akitengeneza feni, redio na pasi. Watu walimwita Pasi. Mwalimu na Pasi, dada na mdogo wake, walikuwa hawajazungumza kwa miaka saba. Maneno yao yalibebwa na Pindo, hata pale ambapo wote watatu walisimama mahali pamoja.

Walisimama hivyo siku ile. Mwalimu ngazi ya pili kutoka chini, Pindo mlangoni, Pasi ndani kwenye meza yake.

"Mwambie nataka pete nyeusi, kubwa, isiyo na ufa."

"Anasema anataka pete nyeusi, kubwa..."

"Nina masikio, Pindo. Muulize ni ya antena?"

"Anauliza..."

"Ni ya antena."

"Basi mwambie mizunguko ni miwili, halafu kumi na minne. Asizungushe kama anafunga mzigo."

"Mwambie fizikia nimeifundisha miaka thelathini na moja."

"Mwambie najua. Hata mimi alinifundisha yeye."

Pindo aliangalia huku na huku, akaona hakuna lililobaki la kubeba, akaipokea pete iliyofungwa kwenye gazeti. Mwalimu alipoifungua juu aliikuta imeshazungushwa ile mizunguko miwili ya kwanza, ambayo ndiyo migumu. Alikaa akaitazama. Hakuifumua, akaongeza yake kumi na minne.

Ugomvi wao ulikuwa huu. Mama yao alikuwa akikaa chini kwa Pasi kwa sababu ya magoti. Miaka saba iliyopita, siku ya mtihani wa mwisho, Mwalimu akiwa shuleni anasimamia, Mama aliugua ghafla mchana. Saa kumi na mbili na dakika tano jioni alifariki, kitandani, gari la wagonjwa halijaja. Pasi alisema alipiga Huduma tangu saa sita, akapiga na kupiga, hakuna aliyepokea. Baada ya mazishi Mwalimu alikwenda ofisini kuhakikisha. Afisa alimfungulia daftari la simu, na ukurasa wa siku ile ulikuwa mweupe. Mwalimu alikuwa ameita mahudhurio maisha yake yote. Kwake yeye daftari ni daftari. Alirudi akamuuliza mdogo wake maswali mawili. Mbona daftarini hamna simu zako? Na mbona shuleni hukunipigia? La kwanza Pasi alilijibu: nilipiga. La pili hakulijibu, aliangalia mikono yake tu. Mwalimu akaona kwamba mtu anayenyamaza ana anachokificha, akapanda ngazi zake, na yakawa hayo.

Antena ilikamilika Jumanne, Pindo akiwa ameupinda waya dirishani upana wa vidole vinne. Saa nne asubuhi Mwalimu aliwasha redio, akaweka ubao wa drafti tayari, akavaa miwani. Badala ya mfuga nyuki ikaja milio ya simu, ile anayoisikia mpigaji anaposubiri. Tuuu. Tuuu. Kisha sauti ya mwanamume: "Pokeeni basi, jamani. Nimesimama ndani ya maji mpaka magotini." Tuuu. Yule mtu akaanza kupiga mluzi.

Mwalimu alikagua viungo vyote. Alitazama kipimo, mshale ukawa umelala chini kabisa, maana yake antena ilikuwa nzima, nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Antena nzima hupokea kile kilichopo. Akafungua daftari lake la redio, akaandika: saa nne na robo, mwanamume, maji, anapiga mluzi, sauti safi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa ghorofa ya pili, na mwiko mkononi.

"Huyo mume wangu huyo. Mwaka juzi, bomba lilipopasuka. Nilimwambia asipige mluzi ndani ya nyumba." Akavuta kiti akakaa. "Hebu ongeza sauti kidogo."

Ndivyo ilivyojulikana kwamba simu isiyopokelewa haipotei. Inabaki pale kwenye waya inasubiri, kama mtu aliyeambiwa akae kwenye benchi ataitwa. Pindo alipoelezwa alisema siku zote alijiuliza zinakwendaga wapi.

Kufika Ijumaa Mwalimu alikuwa ameshachora jedwali. Ukiupinda waya dirishani upana wa vidole viwili, unasikia simu za mwaka mmoja nyuma. Vidole vinne, miaka miwili. Usipoupinda kabisa, unasikia za leo. Na kila simu ilirudi kila siku kwa saa yake ileile iliyopigwa, mpaka ipokelewe, kwa hiyo za asubuhi huzisikii jioni hata ufanyeje. Pindo alikuwa ndiye mpindaji, akibana kwa vibanio vya nguo, na hakuacha kukumbusha watu kwamba kama si yeye waya ungekuwa umekatwa.

Kila siku saa tisa majirani walipanda na vigoda vyao. Ilipendeza. Mtu akisubiri simu ipokelewe husema mambo ambayo hajui kama anasema. Mzee mmoja wa ghorofa ya nne alijisikia akifanya mazoezi: "Habari za kazi, naitwa... hapana, nianze na pole. Poleni na kazi, naitwa..." mpaka akakata. Mke mmoja alisikika akimwambia mwanawe kwamba baba yake ni mkono wa birika, na baba mwenyewe alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda, alikohoa tu. Pindo alijisikia akiimba nusu saa nzima akisubiri kulalamikia taa ya barabarani, na kwa mara ya kwanza maishani akajua kwamba hajui kuimba. Wenzake walikuwa wanajua.

Chini ya sauti zote hizo mfuga nyuki alisikika kwa mbali. "Ni zamu yako, Mwalimu, lakini naona una wageni. Nitasubiri."

Walipinda vidole viwili, vinne, sita, nane, kumi, kumi na viwili. Kisha Mwalimu akasema kumi na sita.

"Umeruka pindo moja," Pindo akasema.

"Sijaruka."

"Mwalimu. Miaka thelathini nashona."

"Nimesema kumi na sita."

Pindo akapinda kumi na sita. Huko kulikuwa na mtu analalamika juu ya taka, na hakuna aliyemsikiliza vizuri.

Mwalimu alikaa na jambo hilo siku tatu. Aliogopa, na alijua anachoogopa. Simu zisipokuwepo, basi mdogo wake ni mwongo, na hilo alikuwa amelizoea. Zikiwepo je? Siku ya nne alipiga moyo konde. Saa sita kasoro alifunga mlango kwa ufunguo, akapima vidole kumi na vinne kwa mkono wake mwenyewe, akabana, akaketi.

Saa sita na dakika kumi redio ililia tuuu, na sauti ya Pasi ikasema, kwa adabu, kuiambia simu inayolia: "Habari za mchana, samahani kwa usumbufu."

Mwalimu akachora mstari mmoja daftarini.

Simu ya tano Pasi alikuwa anakariri namba ya nyumba ili asikosee watakapopokea. Ya tisa alikuwa ameacha adabu. Ya kumi na mbili alikuwa anamchekesha mtu: "Mama, hawa wana muziki mzuri. Tuuu, tuuu. Unausikia?" Na kwa nyuma, dhaifu lakini yenye kicheko ndani yake, ikaja sauti ambayo Mwalimu hakuwa ameisikia miaka saba: "Basi cheza tukuone."

Mwalimu aliacha kuandika.

Simu ya kumi na saba ililia muda mrefu. Pasi akasema, "Hawa hawapokei. Ngoja nimpigie dada aje."

"Thubutu!" Mama akasema. "Ana mtihani kule. Akitoka watoto watafutiwa matokeo. Watoto wote wale, kwa ajili ya tumbo langu?"

"Mama, hali yako si nzuri."

"Nimesema hapana. Na usije ukamwambia kwamba nilikukataza. Unamjua dada yako, atajilaumu mpaka azeeke."

"Ameshazeeka, Mama."

"Ndiyo hivyo, usimwongezee."

Tuuu, redio ikasema. Tuuu.

Mwalimu alilia. Alilia kwa sauti, peke yake, uso juu ya ubao wa drafti, na kete zikamganda shavuni. Saa tisa majirani walikuja na vigoda, wakakuta mlango umefungwa, wakasikia kilio na milio ya simu, wakakaa koridoni kidogo kwa heshima, kisha wakashuka. Yeye hakutoka. Alisikiliza zote mpaka ya arobaini na tatu, ya saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili, na zote arobaini na tatu akaziandika na dakika zake. Mwisho wa ukurasa akaandika, kwa sababu ndiyo kanuni ya daftari la redio: sauti safi.

Asubuhi alivuka barabara na daftari kwapani. Kwenye meza ya Tarishi aliliona lile yai la kauri limekandamiza karatasi, na papo hapo akaelewa kila kitu kuhusu waya wake. Hakulidai. Tarishi alilifuta vumbi kwa kiganja, akasema asante tena, limemfaa sana.

Afisa alimkaribisha vizuri. Simu ililia mezani kwake mazungumzo yote, na yeye alipandisha sauti kidogo tu.

"Simu arobaini na tatu," Mwalimu akasema. "Saa na dakika zake hizi hapa."

Afisa alitoa daftari la mwaka ule, akalipuliza, akafungua siku yenyewe. "Mwalimu, hapa peupe."

"Hazikuandikwa."

"Simu inaandikwa ikipokelewa. Isipopokelewa tuandike nini? Hatujui ni nani, hatujui anataka nini. Si tutakuwa tunabuni?"

"Na zisizopokelewa zinaandikwa wapi?"

"Haziandikwi. Ndiyo maana hatuna malalamiko." Alisema bila ubaya wowote, akaonyesha cheti ukutani, kilichopokelewa mwaka ule ule, cha ofisi isiyo na malalamiko.

"Hiyo inalia," Mwalimu akasema.

Afisa aliitazama simu. "Inalia," akakubali.

"Na nikizipokea mimi?"

Hapo Afisa alifikiri kweli. Alivuta kitabu cha kanuni, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. "Kanuni inasema simu ikipokelewa iandikwe," akasema hatimaye. "Haisemi ipokelewe na nani."

Mwalimu alirudi, lakini hakupanda. Alisimama mbele ya mlango wa mdogo wake, bila Pindo, akagonga. Pasi alifungua akiwa na bisibisi mdomoni. Ndevu zilikuwa zimeingia mvi, jambo ambalo Mwalimu hakuwa ameliona kwa ukaribu.

"Nimesikia," akasema.

Pasi akaitoa bisibisi mdomoni. "Mpaka wapi?"

"Mpaka Mama aliposema mtihani."

"Hapo ndipo nilipotaka usifike."

"Miaka saba umenyamaza?"

"Alinikataza, Dada. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Nisamehe, mdogo wangu. Nimekukosea sana."

Pasi alikuwa analia na hakutaka ionekane, basi akajifanya anatafuta kitu sakafuni. "Ingia," akasema. "Umesimama mlangoni unaniziba mwanga."

Jioni ile walikaa wote wawili mbele ya redio. Pindo alisimama dirishani akishikilia vidole kumi na vinne. Saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili ikalia ile ya mwisho. Tuuu. Mwalimu alibonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Huduma. Nakusikia."

"Hatimaye!" Sauti ya Pasi, ya miaka saba nyuma, imekauka. "Jamani, nina mgonjwa hapa... Dada? Umeingiaje huko?"

"Nimepokea tu, mdogo wangu. Nimechelewa."

"Gari linakuja?"

Mwalimu alimtazama mdogo wake mwenye mvi. Yeye alitikisa kichwa. Katika miaka thelathini na moja Mwalimu hakuwahi kumpa mwanafunzi jibu lisilo la kweli, na wakati ule alitamani sana.

"Gari hakuna," akasema.

"Basi," ikasema ile sauti. "Angalau mmepokea."

"Niweke karibu na sikio la Mama."

Pakasikika shuka zikisogezwa. "Nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Lo! Si nilimwambia asikupigie?"

"Hakunipigia. Kapiga Huduma, nimepokea mimi."

"Na mtihani?"

"Umekwisha. Karatasi zimekusanywa."

"Wamefaulu?"

Matokeo Mwalimu alikuwa anayajua kwa kichwa. "Wote, isipokuwa mmoja."

"Huyo mmoja ungemkazania."

"Nilimkazania, Mama. Alirudia akafaulu."

"Haya." Pumzi zilikuwa fupi sasa. "Huyu mdogo wako hajala tangu asubuhi. Mwangalie."

"Nitamwangalia, Mama."

Kisha betri ya simu ya Pasi, ile ya zamani, ikaisha, na redio ikabaki na mvumo wake wa kawaida. Saa kumi na mbili na dakika tano Mama alifariki, kama alivyofariki siku zote. Pindo aliachia waya polepole, akajifuta macho kwa tepu.

"Sasa naikumbuka hii," Pasi akasema. "Asubuhi nilikuwa siikumbuki."

"Umekula?" Mwalimu akamuuliza.

"Sijala."

Akaenda kuwasha jiko.

Kesho yake Tarishi alivuka barabara kuleta habari. Kwenye daftari la mwaka ule, ukurasa uliokuwa mweupe, pameandikwa kwa wino mbichi, kwa mwandiko ambao si wa mtu yeyote pale ofisini: Simu moja, imepokelewa. Gari la wagonjwa: limekwenda kubeba viti vya sherehe ya cheti. Afisa alilisoma mara mbili, akaona kila safu imejazwa inavyotakiwa, akagonga muhuri. Simu moja iliandikwa, simu moja ilipokelewa, hiyo ni asilimia mia. Kabla mwezi haujaisha ofisi ilipata cheti cha pili, nacho kilitundikwa kando ya cha kwanza kwa msumari ambao Tarishi aliugongelea kwa yai la kauri. Simu iliendelea kulia.

Mwalimu na Pasi waligawana zamu, dada asubuhi, mdogo wake mchana, waya ukiwa haujapindwa hata kidole. Mfuga nyuki alikubali kucheza Jumapili tu. Waliopiga kuhusu taka waliambiwa ukweli kwamba hakuna anayekuja, wakashukuru kwa kujulishwa. Alhamisi moja saa nane mchana, dada na mdogo wake wakiwa bado mezani, redio ikalia na sauti ya mwanamke ikasema, kwa adabu, kwa mtu ambaye hakutegemea ajibu: "Samahani kwa usumbufu. Ni baba yangu."

"Huduma, nakusikia," Mwalimu akasema. "Gari hakuna, mwanangu. Uko nyumba namba ngapi?"

Yule mwanamke alianza kuitaja. Pasi alikuwa ameshainama chini ya meza, anafunga kamba za viatu.